Samaki wa siku 59

Wageni wakishuka majini hapa kwetu Malindi, kwenye hifadhi ya bahari, wanataka kasa, au chewa mkubwa, au lile kundi la samaki wa mistari linalokimbilia mkate. Mkate mimi situpi. Nawaambia: shika boya, tulia, tazama jiwe moja tu la matumbawe mpaka macho yazoee.

Ukivumilia utamwona ameketi juu ya mapezi yake. Hafiki sentimita 3. Macho yamemjaa kichwa, mwili ni kioo, uti wa mgongo unauona kwa ndani na madoa mekundu pembeni. Anachupa, anadokoa kitu, anarudi palepale. Kivuli cha mkono kikimpitia, hayupo.

Huyu ni gobi, wa ukoo wa Eviota. Wavuvi hawana haja naye, hata chambo hafai. Lakini mimi sijaona samaki wa kunishangaza kama yeye. Mwaka 2005, huko Great Barrier Reef, Australia, watafiti walichunguza vijiwe vya masikioni mwa ndugu yake, Eviota sigillata. Vijiwe hivyo huongeza pete kila siku, kama shina la mti linavyoongeza kila mwaka. Mkongwe wao alikuwa na siku 59! Wiki 3 za mwanzo anachukuliwa na maji huko bahari kuu. Akitua mwambani anakomaa kwa wiki moja au mbili, na zinazobaki, wiki 3 na kitu, ndizo za kuzaa. Na katika muda huo dume bado anakaa kulinda mayai.

Wanaliwa mno, hawa na wadogo wenzao. Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa mwambani hutokana na hao wadogo wanaojificha. Basi huyo chewa unayemtaka, fuatilia chakula chake nyuma, utafika kwa hawa.

Ndiyo maana naumia mtu akisimama juu ya matumbawe ili apigwe picha. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe mengi ya hapa yakapauka, yakafa. Yaliyopo sasa ndiyo nyumba yao, na unyayo mmoja unavunja vyumba vingi.

Mkitaka kumwona, njooni kaskazi, maji yakipwa. Masika ikianza, mto Sabaki unamwaga udongo na bahari yote inakuwa nyekundu.