Flames na Oilers: swali sio McDavid, swali ni dakika ambazo hayupo barafuni

Wakuu, huku Alberta, Kanada, wiki hii hakuna habari nyingine. Kesho Jumatano tarehe 18 Mei 2022 Calgary Flames na Edmonton Oilers wanaanza raundi ya pili ya mtoano wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, anayetangulia kushinda mechi nne kati ya saba ndiye anapita, na hawa watani wa jadi mara ya mwisho kukutana kwenye mtoano ilikuwa 1991, yaani kuna watu wazima wana watoto, wamezaliwa hapa hapa, hizi mechi wanasimuliwa tu na baba zao.

Mimi nakaa Red Deer, katikati kabisa ya barabara inayounganisha hiyo miji miwili, kila upande kama kilometa 150, kwa hiyo mji wetu umegawanyika vibaya. Kazini tunalea wazee na ukumbi wa chakula ni vichekesho, meza za dirishani wamejikusanya wazee wa Oilers na bluu na chungwa yao, karibu na tivii ni Flames wekundu watupu, jana bibi mmoja kagoma kupokea chai kutoka kwa dada tunayefanya naye kazi kisa kavaa jezi ya Edmonton. Na wanaongea mambo ya 1986 kama yametokea juzi. Mgeni ukija huku jifunze hoki mapema, baridi ni ndefu sana, bila hivyo utakaa na watu miezi mizima huna la kuongea.

Hiyo 1986 ngoja niiseme maana bila hiyo huwezi kuelewa chuki. Oilers ya Wayne Gretzky ilikuwa imebeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 1984 na 1985, kila mtu anajua watabeba tena, wakafika mechi ya saba na Calgary, matokeo 2-2, kipindi cha mwisho, beki wao kijana Steve Smith akiwa nyuma ya goli lake akapiga pasi ikagonga mguu wa kipa wake mwenyewe Grant Fuhr ikaingia. Siku yake ya kuzaliwa! Calgary wakapita. Oilers wakarudi wakabeba 1987, 1988 na 1990, Calgary nao wakapata la kwao 1989, na kuanzia 1983 mpaka 1990 hakuna fainali hata moja ambayo haikuwa na timu ya Alberta. Fikiria mkoa mmoja tu. Lakini mpaka 1991 wakikutana uso kwa uso kwenye mtoano Oilers wameshinda mara nne, Flames mara moja tu, hiyo hiyo ya Smith, ndio maana wazee wa meza za dirishani wana kiburi.

Basi tuje kwenye hii ya sasa. Kila mtu ananiuliza nani mkali, McDavid wa Oilers au Gaudreau wa Flames. McDavid, limeisha hilo. Connor McDavid kamaliza msimu na pointi 123, yaani magoli na asisti ukijumlisha, na kwenye raundi ya kwanza dhidi ya Los Angeles Kings kapata pointi 14 kwenye mechi saba, mechi ya saba yenyewe alikuwa anapita katikati ya watu kama hawapo. Johnny Gaudreau ana 115, mdogo wa mwili, fundi kweli, Jumapili ndiye aliyewatoa Dallas kwenye muda wa nyongeza baada ya kipa wao Jake Oettinger kuokoa mashuti 64, lakini hawezi kubadilisha mechi peke yake kama yule.

Ila mechi ina dakika 60 na McDavid anacheza kama 22. Kwa ambao hamjaizoea, hoki sio soka, watu wanaingia kwa zamu fupi fupi, hata dakika moja haiishi, wanakimbia kwa nguvu zote halafu wanarudi benchi wanahema, wengine wanaruka ukuta wanaingia huku mchezo unaendelea. Kwa hiyo zinabaki dakika 38 hivi ambazo yule jini amekaa benchi anakunywa maji, na mimi naona mfululizo huu utaamuliwa humo.

Humo Calgary wako vizuri sana. Kundi lao la kwanza, Gaudreau, Elias Lindholm na Matthew Tkachuk, wote watatu wamefikisha magoli 40 au zaidi msimu huu. Wakitoka hao anaingia Andrew Mangiapane mwenye 35, anaingia Tyler Toffoli waliyemchukua Februari, anaingia Blake Coleman ambaye amebeba kombe mara mbili mfululizo na Tampa Bay. Hupumui. Oilers wao dakika hizo zilikuwa kazi ya Leon Draisaitl, Mjerumani wa magoli 55, mtu ambaye kwenye timu nyingine yoyote angekuwa ndiye mfalme, ukimtenganisha na McDavid unapata makundi mawili ya kutisha na hilo pengo la dakika 38 linapungua sana. Tatizo aliumia mguu kwenye mechi ya sita na Kings na mechi ya saba alionekana wazi anachechemea. Akicheza na mguu mmoja watamuunganisha na McDavid ili asikimbie sana, halafu kwenye makundi mengine watabaki kina nani? Evander Kane anajua kufunga, katupia saba kwenye mechi saba za raundi ya kwanza, lakini Kane naye mipira mingi anaipata kwa McDavid.

Kuna kitu kingine watu hawakisemi sana. Mchezo ukisimama, timu mwenyeji ndiyo inayobadilisha wachezaji ya mwisho, yaani kocha wa nyumbani anamwona kwanza mwenzake kaingiza nani halafu ndio anachagua wa kumkaba. Flames wamemaliza juu, pointi 111 kwa 104 za Oilers, kwa hiyo ikifika mechi saba nne zinapigwa Saddledome, uwanja wao wa Calgary, na kocha wao ni Darryl Sutter, mzee wa hapa hapa Alberta, mkali, hacheki, amebeba kombe mara mbili na Kings 2012 na 2014, huyo kazi yake ni kukunyima raha tu. Kila McDavid akiruka ukuta atamkuta Mikael Backlund anamsubiri. Shida ya Sutter ni kwamba beki wake bora wa kukaba, Chris Tanev, hakucheza mechi ya saba na Dallas, na bila Tanev hilo jeshi lina tundu.

Na Flames waache uchokozi. Tkachuk ana kipaji cha kumkera mtu mpaka apandishe hasira, sawa, lakini mwamuzi akikutoa dakika mbili unacheza pungufu, na kucheza pungufu mbele ya McDavid na Draisaitl ni kujitafutia msiba. Hizi timu zikikutana damu inachemka, Februari 2020 hadi makipa walikunjana katikati ya barafu, Mike Smith wa Edmonton na Cam Talbot wa Calgary, na utamu wa hiyo stori ni kwamba Smith alitokea Calgary na Talbot alitokea Edmonton.

Smith bado yupo, ana miaka 40, na ndiye anayenifanya niwe na wasiwasi na Oilers kuliko mtu yeyote. Kipa wa ajabu. Anapenda kutoka golini kucheza kile kisahani, ndio mpira wa hoki, kama beki, siku ikikubali anawaharibia wapinzani kila wanapotupa nyuma na kukimbilia, siku ikikataa anatoa zawadi, mechi ya kwanza na Kings kapiga pasi katikati ikanaswa, likapigwa shuti na Danault wa Kings akalichepusha likaingia, wakafungwa 4-3. Halafu mtu huyo huyo mechi ya saba hakuruhusu hata moja, 2-0. Utamfanya nini mtu kama huyo? Jacob Markstrom wa Calgary ametulia, mechi tisa msimu huu hajafungwa kabisa na yumo kwenye watatu wanaogombea tuzo ya kipa bora. Hapo sioni ubishi.

Msimu wa kawaida walitoka sare, kila mmoja kashinda mbili, mbili za Oilers zikatangulia halafu Calgary wakashinda zote mbili za Machi, ya mwisho 9-5. Ila tangu Februari Oilers wana kocha mpya Jay Woodcroft na chini yake wameshinda 26, wamepoteza 9 ndani ya muda wa kawaida na 3 baada ya hapo, kwa hiyo msiwapime kwa ile timu ya Desemba iliyokuwa inalia kila siku.

Pembeni kidogo, kwa wale mnaoniambia huu mchezo sio wetu. Huyo Grant Fuhr niliyemtaja ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kubeba Stanley Cup. Nahodha aliyependwa kuliko wote Calgary, Jarome Iginla, baba yake Mnigeria, na kichekesho ni kwamba kazaliwa Edmonton. Na Mei hii ya 2022 kwenye mabeki wa Flames mtazameni Oliver Kylington, Mswidi, mama yake anatoka Eritrea, anateleza utadhani kazaliwa na vile viatu miguuni. Msimu huu ndio amekomaa, na Tanev akikosekana mzigo mwingi utamwangukia yeye.

Mkitaka kuangalia, mechi ya kwanza ni saa moja na nusu usiku ya huku, Bongo itakuwa saa kumi na nusu alfajiri ya Alhamisi, wa daladala za kwanza mtaiwahi. Na mkumbuke hakuna sare wala penati za kuamua mshindi kwenye mtoano, zikiisha 60 zinaongezwa 20, na 20 nyingine, mpaka mtu afunge, kwa hiyo bando liwe la kutosha.

Mimi nyumbani kwangu wote ni Oilers kwa sababu ya watoto na marafiki zao shuleni, lakini kichwa changu kinasema Flames, mechi saba. Tanev asiporudi kabisa na mguu wa Draisaitl ukapona hata nusu, basi nibadilishieni, Oilers kwa sita.