Helios yangu haibanduki kwenye kamera

Kwa picha za watu, sigusi lenzi nyingine kabla ya Helios 44-2. Ni ya Kisovieti, milimita 58, f/2 (yaani tundu lake la kupitisha mwanga hufunguka sana), na muundo wake umetokana na Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Zeiss. Ukifungua tundu lake lote na kumsimamisha mtu mbele ya majani yanayopenyeza mwanga, nyuma yake kote huzunguka kama maji yaliyokorogwa. Kitaalamu hiyo ni kasoro. Mimi ndiyo ninayoitaka!

Lenzi yangu nyingine, Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Kijapani, ina tabia nyingine: pete yake ya fokasi ni laini, nzito kidogo, na hubaki palepale ulipoiachia. Baadhi ya matoleo yana thoriamu (metali yenye mnururisho) kwenye kioo, ambacho miaka ikienda hugeuka njano. Usiitupe, ukiianika kwenye mwanga wa urujuanimno, ile njano hupungua sana.

Zote mbili hufungwa kwa skrubu ya M42 (ya kipenyo cha milimita 42), kwa hiyo adapta moja inayofaa kamera yako ya kisasa inazitosha zote. Kwenye kamera, washa alama za rangi zinazoonyesha kingo zilizo kwenye fokasi, zungusha pole pole, lenga jicho lililo karibu nawe. Sikio likififia, si neno.