Siku Moja Maishani Mwangu: Mita 17

Saa 9:00 usiku

Kazi ya kwanza ni kuwasha jiko la kuni kwenye hema la kupikia. Ya pili ni kuchekecha majivu ya jana na kuyatia kwenye soksi kuukuu. Ya kwanza ninalipwa, ya pili niliianzisha mwenyewe.

Tupo katikati ya Septemba, milima ya Flat Tops, kaskazini magharibi mwa Colorado, Marekani. Kambi yetu ya uwindaji iko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na ndoo niliyoisahau nje imeshika barafu. Kila mwaka naomba likizo ya mwezi mmoja kazini kwangu Denver nije huku: napika, nafunga mizigo kwenye nyumbu, na kwa mwaka wa tatu sasa naita elki. (Nyumbu ninaowasema ni wale wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi. Mama aliposikia nalisha nyumbu alidhani nimeajiriwa hifadhini.)

Elki ni wa jamii ya kulungu, ila usimfikirie yule kulungu wa vichakani kwetu. Dume lake hufika kilo 300 na kupita, na pembe zake zina matawi kama mti uliopukutika majani. Huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Jina lake jingine ni wapiti, neno la Washawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kwa sababu ya yale makalio meupe. Septemba ni msimu wao wa kupandana, na ndio msimu wa wawindaji wa upinde.

Mgeni wetu ni fundi bomba mstaafu kutoka Pennsylvania, miaka 67. Siku ya kwanza nilimwita Mzee, akauliza maana yake, nikamweleza, na tangu hapo hataki kuitwa jina lake. Anakunywa kahawa amesimama. Bosi, mama wa makamo aliyeanza kuongoza wawindaji kabla mimi sijazaliwa, anakunywa yake huku akisikiliza nje. Hakuna anayeongea.

Saa 10:30 alfajiri

Tunatoka kwa taa nyekundu za kichwani. Tunapanda kwa saa moja na zaidi, mwendo wa kuvuta pumzi tatu na kupiga hatua moja. Kwenye mwinuko huu mapafu ya mtu wa Pennsylvania hayana msaada, na ya kwangu pia, ingawa watu wa Denver, mji wa mwinuko, tunapenda kujisifu.

Usiku hewa ya baridi huwa nzito, inateremka mabondeni kama maji. Kwa hiyo alfajiri unamwendea elki kutoka chini, harufu yako ikushukie mgongoni mwako wewe, si puani mwake. Jua likishapiga mteremko, hewa inapata joto na kugeuka kupanda, na hapo kama bado uko chini yake, kwisha habari. Kati ya nyakati hizo mbili kuna nusu saa ambayo upepo hauna mwenyewe, unazunguka tu. Nusu saa hiyo imeharibu uwindaji mwingi kuliko matawi yote yaliyowahi kukanyagwa.

Ndiyo sababu ya soksi. Unaigonga kwa kidole, majivu yanatoka kama moshi wa sigara, unaangalia yanakwenda wapi. Mjomba wangu alikuwa msoma nyayo kwenye uwindaji wa kitalii, na mfuko wa majivu haukumtoka kiunoni. Bosi ana kichupa cha plastiki cha poda alichonunua dukani. Mwaka wa kwanza aliicheka soksi yangu. Mwaka huu kichupa chake kiliisha siku ya nne, akaniomba.

Wageni wengi huja na dawa za kupulizia za kuua harufu, sabuni maalumu, nguo zilizohifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sisemi lolote, ni pesa zao. Lakini sijaona bado mtu aliyepanda mlima kwa saa moja huku akitokwa jasho akabaki hanuki mtu.

Saa 12:25 asubuhi

Sheria ya hapa inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Dakika chache baada ya hapo, dume la kwanza linalia. Sauti inaanza chini, mkoromo wa kitu kikubwa, kisha inapanda na kupanda hadi inakuwa filimbi nyembamba inayokata, halafu inashuka kwa miguno mifupi. Mara ya kwanza kuisikia nilidhani ni lango la chuma linafunguliwa. Mzee anageuka kuniangalia, macho yamemtoka.

Mita kama 300, juu yetu kidogo, ndani ya misunobari. Majivu yanatushukia usoni. Vizuri.

Hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu upinde. Wanadhani kazi ni kumsogelea mnyama. Mzee ana upinde wa kisasa wenye kapi, uzito wake wa kuvuta ni ratili 60, lakini yeye mwenyewe amejiwekea mwisho mita 35, na namheshimu kwa hilo. Zile mita mia za mwanzo unatembea wewe. Zile 50 za mwisho, kwenye majani makavu na vijiti, mbele ya masikio yale, lazima atembee yeye. Kazi yangu ni kumpa sababu.

Kwa hiyo tunajipanga hivi: Mzee anapiga goti mbele ya mti, si nyuma yake, maana kivuli kinamficha na mikono inabaki huru. Bosi yuko pembeni yake na kipimo cha umbali cha leza. Mimi narudi nyuma mita 50, upande ambao upepo unaelekea. Nina kipande cha mpira mwembamba ninachokibana kwenye kaakaa kwa ulimi, nacho nalia kama jike: sauti fupi, laini, kama paka anayeuliza swali. Dume likija kwangu, litapita kwa Mzee.

Linajibu. Naita tena, navunja kijiti, nakwaruza gome kwa tawi ili isikike kama kundi linalokula. Elki wenyewe wana kelele, ukimya ndio unaowatia shaka. Linajibu karibu zaidi. Kisha karibu zaidi.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Dume lilikuwa tayari linakuja. Ukishaona anakuja, unanyamaza. Mimi nikaita mara moja zaidi, sijui kwa nini, labda kwa utamu wa kujibiwa. Likasimama papo hapo. Lilishapima kwa masikio mahali penyewe jike lilipo, likaangalia, halikuona jike. Mita 65 kutoka kwa Mzee, Bosi aliniambia baadaye. Dakika tano lilisimama. Na mimi, kama haitoshi, nikainamisha kichwa pembeni ya mti nione.

Nikasikia kwato tu, na matawi yakivunjika kuelekea juu.

Bosi alikuja hadi nilipokuwa. Hakunikaripia. Aliuliza, "Ulikuwa unamwita nani?"

Saa 3:00 asubuhi hadi saa 9 alasiri

Majivu yalianza kuzunguka saa tatu na nusu. Bosi akasema basi. Elki wanakuwa wameshapanda kulala kwenye misitu minene, na kuwafuata huko upepo ukiwa hivi ni kuwafukuza wahamie bonde la pili. Tuliteremka kidogo, tukala.

Nilikuwa nimebeba chapati za jana zenye mayai ndani. Bosi anaziita totila, yaani chapati za Kimeksiko, nimeacha kubishana. Mzee alikula tatu akalala usingizi wa mtoto chini ya jua, kofia usoni.

Bosi ana kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe. Huwa ananipa dakika chache mchana, na Tanzania inakuwa saa tatu usiku, mdogo wangu wa kike bado macho.

"Shikamoo kaka. Mmepata?"
"Marahaba. Bado."
"Siku ya ngapi?"
"Ya tano."
"Wahadzabe wangekuwa wameshakula."

Tumekulia Mang'ola, upande wa Ziwa Eyasi, na Wahadzabe, wawindaji wa upinde, ni majirani. Anasema kweli, ila hali si sawa. Mhadzabe ana sumu kwenye mshale. Akimpata mnyama mkubwa, anaifuata njia yake hadi sumu imalize kazi. Huku sumu hairuhusiwi. Mshale unaua kwa kukata tu: chembe yake ina makali kama wembe, na lazima ipite mapafuni, nyuma kidogo ya bega, mnyama akiwa ameonyesha ubavu. Ukimpiga vibaya atakwenda bonde la tatu na kufia huko, nawe utatafuta siku mbili bila kumwona. Kwa hiyo ukaribu peke yake hauna maana bila ubavu. Nilimwandikia dada haya yote kwa kirefu, kifaa kikakataa kwa sababu ujumbe ni mrefu. Nikaandika, "Msalimie mama."

Saa 10:30 jioni

Kuna chemchemi ndogo kwenye tambarare katikati ya mlima, na pembeni yake dimbwi la tope ambalo madume hujigaagaza. Wanalikojolea, wanalichimba kwa pembe, wanalala ndani, wanatoka weusi hadi shingoni. Kwao hayo ni manukato. Nyayo za leo zilikuwepo, maji ndani yake bado machafu.

Upepo ulikuwa bado unapanda, kwa hiyo tuliingia kutoka juu na kusubiri pembeni. Saa kumi na mbili kivuli kilipolifunika bonde, nikagonga soksi: majivu yakasita, kisha yakaanza kuteremka. Bosi akatuonyesha kwa kidole. Tukazunguka kimyakimya hadi upande wa chini, Mzee amevua viatu, anatembea kwa soksi zake za sufu. Akapiga goti mbele ya msunobari mfupi. Mimi nyuma yake, mita 40.

Safari hii niliita mara mbili tu, sauti ya chini, kisha nikaufunga mdomo. Dakika ishirini. Nikaita mara moja. Dakika ishirini nyingine. Mguu wa kulia ulikufa ganzi na mbu mmoja, sijui alitoka wapi kwenye baridi ile, akanila sikio hadi akatosheka.

Saa 12:50 jioni

Harufu ilitangulia. Kama zizi la mbuzi madume, kali zaidi. Halikulia hata mara moja. Niliona ncha za pembe kwanza, zikielea juu ya vichaka, zinasimama, zinaelea tena. Shingo ilikuwa nyeusi kwa tope na matone yalikuwa bado yanadondoka.

Kichwa kilipopita nyuma ya msunobari mnene, Mzee akavuta upinde. Sawasawa kabisa, hakuna aliyemwambia. Dume likatokea upande wa pili na kusimama, limemwelekea uso kwa uso. Kifua kitupu, pembe, macho. Bosi hakubali mshale wa kifuani kutoka mbele. Wako waongozaji wanaoukubali, na mabishano yao hayaishi. Yeye alishatafuta dume moja lililopigwa hivyo, hakulipata, na tangu hapo ni marufuku kwenye kundi lake.

Upinde wa kapi ukishavutwa mpaka mwisho hushikilika kwa sehemu ndogo tu ya uzito wake. Hata hivyo una mwisho. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Hamsini. Dume linapanua pua. Sitini. Kiwiko cha Mzee kinaanza kutetemeka, naona manyoya ya mshale yakicheza. Sabini na kitu. Kilikuwa kinatakiwa kitu kimoja: hatua mbili za kushoto au za kulia.

Mkono ukarudi wenyewe. Upinde ukamvuta Mzee mbele kwa ghafla, na dume likaruka kama jiwe lililotupwa. Nikalia kwa nguvu kupitia ule mpira, sauti ya jike lililoshtuka, na likasimama, likageuka, likaonyesha ubavu wote mzima.

Mita 55. Bosi alisoma namba ile akatikisa kichwa. Mzee hakuuvuta tena. Tulilitazama likitembea taratibu kuingia msituni, likanguruma mara moja likiwa ndani, kama mtu anayelaani mlango ukishafungwa.

"Lilikuwa umbali gani pale mwanzo?" Mzee aliuliza, ananong'ona bado.

"Mita 17," Bosi akasema.

Mzee akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka machozi. Kisha akanishika bega. "Niliona kope zake," akasema. "Zina tope."

Saa 3:30 usiku

Maharage, wali, vitunguu vya kukaanga. Mzee amesimulia zile sekunde sabini mara nne, na kila mara zinaongezeka. Sasa hivi ziko dakika mbili na nusu. Mkono wake wa kulia hauwezi kushika kijiko vizuri, anakula kwa wa kushoto. Kabla hajaenda kulala amesimama mlangoni mwa hema na kuniambia, kwa Kiswahili alichojifundisha kwa siku tano, "Asante mwalimu." Nikamwambia mwalimu ni Bosi. Bosi akasema mwalimu ni dume.

Nimewalisha nyumbu, nimeosha sufuria. Kuna linalolia huko juu gizani, upande wa dimbwi, sijui kama ndilo lile. Majivu ya leo bado yana makaa ndani, nayaacha yapoe mpaka saa tisa.