A2 peke yake haitoshi, daktari

Boksi linaletwa maabara yetu ya meno na bodaboda, ndani kuna kipimo cha meno, na karatasi imeandikwa jino la mbele juu kulia, zirkonia (aina ya kauri ngumu), rangi A2. Basi. Hapo ndo natakiwa nitengeneze krauni, yaani kofia ya jino, ambayo mtu akicheka kwenye picha za harusi asijulikane, na huyo mtu mwenyewe simjui hata sura.

Sasa huku Chuga, Arusha, hiyo A2 inatusumbua kuliko wenzetu wa Dar, sababu ya maji. Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya taya, yanaota na mabaka meupe kama chokaa au ya kahawia, nenda Maji ya Chai au Ngurdoto (ambako kuna mpaka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji) utayaona kwa wazee kwa vijana. Halafu ile seti ya rangi ya VITA, ya Mjerumani, ina vipande 16 kuanzia A1 mpaka D4 na hamna hata kimoja chenye baka.

Kwa hiyo chalii kavunjika jino moja kwenye ajali, matano ya pembeni yana ukahawia wake, mimi nikiweka A2 safi ndo nimemharibia kabisa, kila anayeongea naye ataangalia hilo hilo. Muulizeni kabla hamjachonga: unataka lifanane na wenzake au unataka tubadilishe yote? Wengi wanataka lifanane, sema hawajui kama inawezekana. Inawezekana, tunachora mabaka kwa brashi nyembamba na kuchoma tena kwenye tanuri, ila lazima niyaone.

Nitumieni picha WhatsApp jamani. Simu yoyote yenye kamera ya maana inatosha, kipande cha rangi kikae sambamba na jino na namba yake isomeke, picha ipigwe karibu na dirisha, ile taa ya kiti cha daktari izimwe, na dada akipaka lipstiki mwambieni afute kwanza. Na rangi ichukuliwe mwanzo kabisa, kabla ya ganzi, kabla ya kuchonga, maana mdomo ukikaa wazi jino linakauka na likikauka linakuwa jeupe kuliko lilivyo, daktari anaandika huo weupe, mimi natengeneza huo weupe, kesho mate yamerudi jino la jirani limerudi rangi yake na krauni inaonekana ngeni, lawama kwa fundi.

Kisiki nacho, lile jino linalobaki mkishachonga, mnakisahau. Jino lililotibiwa mzizi mara nyingi limeshakuwa jeusi jeusi, ukinivalishia poselini inayopitisha mwanga juu yake, ule weusi unapenya, niambieni mapema nitumie kitu kinachoziba. Na kwa zile krauni za chuma na poselini (bei rahisi, naelewa) mbele nahitaji kama milimita 1.5 hivi ya nafasi, ukichonga kidogo unanipa mambo mawili tu, jino nene au jino la chaki.

Kuna daktari mmoja hapa mjini ananitumia mgonjwa mwenyewe, anakuja na miguu mpaka maabara. Juzi kaja mama mmoja, shikamoo mama, karibu hapa dirishani, dakika chache tu nimeshaona kumbe ncha za meno yake zina kaubluu na shingoni kuna unjano, vitu ambavyo karatasi haisemi. Kazi yake haikurudi.

Na wengine, mkijaribisha mdomoni mkaona rangi imekosea msigande simenti eti kwa sababu mgonjwa katoka Karatu na basi linaondoka. Rudisheni. Iliyozidi weupe naishusha kwa rangi na kuichoma upya, jioni mnayo, iliyozidi giza ndo ntaanza moja.