Mafuta ya mnanaa yalivyolituliza tumbo langu

Kwa karibu miaka mitatu kila nikimaliza kula, tumbo lilininyonga. Linajaa, linasokota chini ya kitovu, halafu nakimbilia chooni; siku nyingine hata choo chenyewe hakitoki. Nilipimwa damu, nikapimwa choo, nikaingizwa na kamera. Daktari hakuona kidonda wala uvimbe. Akanieleza kuwa misuli ya utumbo wangu inakaza ovyo na mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi. Nililia palepale kwenye kiti, maana moyoni nilishajihesabu mgonjwa wa saratani.

Yeye ndiye aliyenishauri mafuta ya mnanaa ya kapsuli. Nguvu yake iko kwenye mentholi, kile kiini cha mnanaa kinacholeta ubaridi: huzuia kalsiamu kuingia kwenye seli za misuli ya utumbo, na msuli ukikosa kalsiamu hulegea. Hata mwongozo wa mwaka 2021 wa madaktari bingwa wa tumbo wa Marekani unayapendekeza kwa tatizo hili, ingawa unakiri kuwa ushahidi bado haujawa mzito.

Wiki ya kwanza nilikosea. Kumeza vidonge vikubwa kunanishinda, kwa hiyo nikaikata kapsuli kwa kisu, nikakamulia mafuta kwenye maji ya uvuguvugu. Yalielea juu kama vijicho vidogo. Nilipokunywa, ubaridi ulipanda hadi puani, na muda si muda kifua kikawaka. Kiungulia cha namna ile sijawahi kukipata! Kumbe mnanaa hulegeza pia ule msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo, asidi ikapata upenyo wa kupanda. Ndiyo sababu kapsuli hizi huvikwa ganda linalostahimili asidi, lifunguke likishafika kwenye utumbo. Nikatuliza moto kwa dawa ya kupunguza asidi, na jioni nikameza kapsuli nzima juu yake: kosa la pili, kwa kuwa dawa hiyo huliyeyusha ganda mapema. Vitu hivyo viwili vinahitaji kuachana kwa saa kadhaa.

Baada ya hapo nilimeza kapsuli moja ya mililita 0.2 mara tatu kwa siku, nzima, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wiki ya tatu ilipoisha, nilikula mchana nikainuka mezani bila kushika tumbo. Kujaa kulipungua kidogo tu. Choo kigumu hayakukigusa. Kilichonisaidia huko ni nyuzinyuzi na maji.

Juzi mdogo wangu aliniambia, “Dada, nipe na mimi hizo za mnanaa, tumbo linaniuma.” Nikamuuliza choo chake kikoje. Akasita, akasema ana siku nne anaona damu. Sikumpa hata moja. Asubuhi yake nilimsindikiza hospitali, kapsuli zangu nikaziacha kabatini.