Mzizi wa Mahindi Darasani

Nilipokuwa nikifundisha kidato cha kwanza jinsi seli zinavyojipambanua na kushika kazi maalumu, wanafunzi walikariri majina ya seli bila kuelewa mabadiliko yenyewe hutokea wapi. Kwa kuwa tuna hadubini moja tu, nilitafuta kielelezo ambacho kwa sehemu kinaonekana kwa macho matupu, nikakipata kwenye mahindi.

Nililaza punje juu ya karatasi laini yenye maji ndani ya bilauri, zikaota. Uzuri wa mzizi ni kwamba hatua zote zimejipanga kwenye mstari mmoja: seli changa ziko karibu na ncha, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokutana na zilizotangulia kuzaliwa. Nilikata ncha, nikailoweka kwenye asidi hidrokloriki vuguvugu ili seli ziachane, nikaitia rangi na kuibonyeza chini ya kioo chembamba. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwa kipande cha juu yake. Nyuma tu ya kofia ya mzizi, yaani tabaka linalokinga ncha, zilionekana seli ndogo zilizobanana, zenye viini vikubwa, zote zikifanana. Juu kidogo zilikuwa zimerefuka. Katika kipande cha juu, baadhi ya zile za nje zilikuwa zimetoa vinyweleo vya kufyonza maji, ambavyo wanafunzi walikwisha kuviona ndani ya bilauri, ilhali za katikati zilikuwa zimegeuka mirija ya zailemu, ile inayopandisha maji, yenye mikanda ya lignini (kitu kigumu kinachoimarisha ukuta wa seli) iliyojizungusha kama springi. Seli hizi hufa ndipo zipitishe maji, na kwangu huo ndio utamu wa somo.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo seli ya mzizi imetupa jeni za jani?" Nilimjibu kwamba jeni zote zimo, ila seli husoma zile tu inazozihitaji, ikiongozwa na homoni kama oksini na taarifa za seli jirani. Ili asiniamini kwa maneno matupu, nilimpa kipande cha jani la sansevieria akipande kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa kikatoa mizizi, na baadaye chipukizi. Kwa wanyama nilimtajia mwanabiolojia Mwingereza John Gurdon, ambaye mwaka 1962 alieleza jinsi viini vya seli za utumbo wa viluwiluwi, vilipopandikizwa kwenye mayai ya chura, vilivyoweza kukuza viumbe wapya. Nilitaja seli nyekundu ya damu ya binadamu kama mfano usiofuata kanuni hiyo, kwa sababu hiyo kweli hutupa kiini kizima inapokomaa, haigawanyiki tena, na huishi takriban siku 120.