Kumbukumbu ya mradi: sanamu ya mvule ya kusimama nje, Kisumu

Mbao zote tatu zimesimama na mafuta yaliyopakwa mara ya pili yamekauka. Tundu la ubao wa kati limechongwa upya.

Umbo lenyewe ni mbao nene tatu za mvule, kila moja mita 2.4 kwa sm 30 kwa sm 20, zilizosimama uso kwa uso na kuachana kwa sm 4. Mchoro wa kwanza uliacha sm 2, lakini majani yangekwama humo na kuoza. Sm 4 hupitisha brashi. Kila ubao una tundu la duara, na matundu yamepangwa kwa mshazari, kwa hiyo anayeizunguka sanamu hufika mahali pamoja tu ambapo jicho hupenya yote matatu.

Kazi kubwa ilikuwa mifereji ya usoni. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta: jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na miezi yote huwa juu sana. Mwanga wa namna hiyo huparuza uso kutoka juu, hivyo mfereji wa kulala hutoa kivuli kizuri mno. Ubaya wake ni kwamba hutuamisha maji. Mfereji wa wima humwaga maji vizuri, ila adhuhuri hauonekani kabisa. Tulichagua mshazari wa digrii 45, kina cha mm 8, mdomo wa chini ukiwa umelazwa kuelekea nje. Kivuli kipo, na tone la mvua halikai.

Tundu la kati lilikosewa kwenye jambo hilohilo la maji kutuama. Sakafu yake ilikuwa bapa, na kila baada ya mvua ya jioni maji yalilala humo hadi mbao ikaanza kuwa nyeusi. Sasa ina mteremko wa digrii 15.

Kuhusu mvule: mbao nyeupe ya nje iondolewe yote, maana wadudu huila; ya ndani, ya kahawia, ndiyo inayohimili. Ndani ya gogo mara nyingine mna mawe ya chokaa yanayovunja makali ya patasi. Mbao ikiwa nyeusi ghafla, gonga polepole kwanza. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa nzuri ni lazima.

Mbao zimeshikwa na vyuma viwili vya mm 12 visivyoshika kutu, kwani chuma cha kawaida huacha madoa meusi. Tundu la chuma kwenye ubao wa kati ni la duara. Kwenye mbao za pembeni limerefushwa hadi mm 20 kwa upana wa ubao. Ubao wa sm 30 unaweza kutanuka na kunywea kama mm 3 kati ya masika na kiangazi, na ukibanwa utapasuka.

Udongo hapa ni ule mweusi wa tambarare za Kano, unaovimba ukilowa. Ulichimbwa wote hadi sm 80, pakajazwa changarawe iliyoshindiliwa, kisha zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Miguu ya mbao imekaa juu ya mabamba ya chuma, sm 6 kutoka kwenye zege. Hapo mchwa wakijenga vijia vyao vya udongo vinaonekana mapema na kupanguswa.

Mafuta ni ya kitani na tapentaini, nusu kwa nusu yalipopakwa mara ya kwanza. Matambara yaanikwe yakiwa yametandazwa, kamwe yasirundikwe: hujipasha moto yenyewe na kuwaka.

Kichwa cha ubao wa kaskazini kina ufa wa mm 2. Ncha zake mbili zimewekewa alama ya penseli, na utapimwa tena mvua za vuli zikiisha.